Mzee wa kanisa asema kicheko changu kinashusha hadhi ya Injili

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwinjilisti, mwanamke wa miaka 32, Mtanzania wa Iringa. Usharika wetu ulinituma Nairobi kuhudumu katika kanisa dogo la huku Kayole, na sasa niko mwaka wa pili. Natembelea wagonjwa, nafundisha wanaojiandaa kubatizwa, na mara kwa mara nahubiri nje, karibu na steji. Sijaolewa. Naishi peke yangu kwenye bedsita, orofa ya tatu. Nakuandikia wewe kwa sababu hapa sina wa kumweleza bila habari kumfikia mzee kabla ya jua kuchwa.

Tatizo lilianzia kwa jogoo.

Tulikuwa na ibada ya pamoja kule Makadara, na ilipoisha ukafanyika mnada wa sadaka za vitu: ndizi, mayai, miwa, maboga, na jogoo mmoja mwekundu aliyefungwa miguu kwa kitambaa. Nilikuwa nimesimama nyuma. Ng'ambo ya uwanja nikamwona mama mmoja tunayefahamiana, nikainua mkono kumsalimia. Mnadishaji akapaza sauti, "Elfu mbili kutoka kwa mtumishi wetu wa Tanzania!" Nikatikisa mkono kukataa. Akasema, "Elfu mbili na mia mbili, anajipandia mwenyewe, mnaona moyo huo?" Vigelegele vikapigwa. Mchungaji akaniita mbele akaniombea baraka kwa utoaji wangu. Ningesemaje, Shangazi? Nililipa kwa M-Pesa nikabakiwa na nauli na pesa ya unga.

Nikampakata jogoo kwenye matatu. Nilipomuuliza makanga kama huyu naye analipiwa, alimtazama kutoka kichwani hadi kwenye kucha, akasema, "Huyu? Hapa ni Jogoo Road, yuko kwao, halipi." Gari zima liliangua kicheko, na mimi nikiwa wa kwanza.

Sikuwa na moyo wa kumchinja, nikamweka roshani. Hapo ndipo maisha yangu ya maombi yalipoharibika, au ndivyo nilivyodhani. Kila alfajiri nikipiga magoti, anawika. Nikisema "Baba yetu," anawika. Nikiungama, anawika mara mbili. Nikawa najiona Petro kila siku ya Mungu. Watoto wa ploti walimwita Pasta, na jioni walikuwa wakinipigia kelele kutoka ngazini, "Sista, Pasta amekula?" Msimamizi wa ploti alikuja kulalamika kwamba Pasta anawanyima wapangaji usingizi, na mama wa orofa ya pili, asiyejua habari za jogoo, akamjibu kwamba hata kwao pasta ana spika kubwa mno.

Siku ya kufundisha juu ya Petro kumkana Bwana niliyasimulia haya kanisani. Watu walicheka hadi wakafuta machozi. Kisha nikafika pale Bwana anapogeuka na kumtazama Petro, na kanisa likanyamaza kimya ambacho sijawahi kukisikia tangu nije Nairobi. Wawili walibaki baada ya ibada wakitaka kuzungumza. Tangu hapo kuna babu mmoja ninayemtembelea, mgonjwa wa sukari aliyekatwa mguu, haniruhusu kufungua Biblia mpaka kwanza nimpe habari za Pasta.

Mzee wa kanisa anayesimamia uinjilisti aliniita ofisini. Akasema watu sasa wanakuja kusikiliza jogoo, si Neno. Akasema mmisionari ni balozi, na balozi hachekeshi. Akaongeza kwamba mwanamke akichekesha madhabahuni, kesho watamwita kwenye sherehe za harusi. Nilimwomba radhi, nikampeleka jogoo kwa mama mmoja wa darasa langu mwenye uwanja kule Matopeni, nikajikaza.

Mkutano wa nje uliofuata niliuendea na uso wa msiba. Nilisoma Mathayo 11: "Njoni kwangu, ninyi nyote msumbukao na wenye kulemewa na mizigo." Matatu moja ikasimama nyuma yangu, muziki juu, na makanga akadakia, "Mzigo ni hamsini pekee yake!" Umati ukavunjika mbavu. Nikageuka nimkemee. Kumbe ni yule yule wa Jogoo Road, na yeye akanitambua: "Sista wa jogoo!" Shangazi, nilicheka mpaka nikashusha kipaza sauti. Yule kijana akamwambia dereva azime muziki, akashuka, akawaambia watu, "Msikilizeni huyu, ni wetu." Akasimama hadi mwisho, na gari lilipomwacha akabeba spika yetu begani hadi kanisani.

Mzee alikuwepo. Usiku alinipigia simu akaniambia nichague, huduma au uchekeshaji, na mikutano ya nje niisimamishe kwanza.

Tangu siku hiyo nahubiri kwa kusoma karatasi. Hakuna anayecheka na hakuna anayebaki baada ya ibada. Nikipiga magoti maneno hayaji. Ripoti ya robo mwaka niliyotuma nyumbani, kwa usharika unaonitunza, niliiandika vizuri kama wenzangu wanavyoziandika: nyumba tulizotembelea, waliompokea Bwana, na kwenye changamoto nikaandika kwamba mkutano wa nje ulipata upinzani wa adui kupitia wahudumu wa matatu, nikaomba watuombee. Walinijibu kwamba wanafunga na kuomba.

Kinachonitisha ni hiki: nikiwa peke yangu nikakumbuka mkono wangu ule pale mnadani, nacheka, na nikishacheka ndipo naweza kuomba. Je, imani yangu ni nyepesi? Kicheko ni cha mwili? Nimtii mzee, au nirudi Iringa kabla sijawaaibisha walionituma?

Mwinjilisti aliyenyamaza,
Kayole

*

Marahaba mwanangu,

Pole na karibu Nairobi, hata kama tumechelewa kukukaribisha ipasavyo. Mara ya kwanza nilisoma barua yako nikicheka peke yangu jikoni hadi mjukuu akaja kuuliza kuna nini. Mara ya pili nikachukua kalamu nikapiga mstari chini ya sentensi moja tu, na sentensi hiyo haimhusu mzee wala jogoo. Nitaifikia.

Kuhusu kicheko na mwili sitakaa sana, maana wewe ndiye mwinjilisti na hayo unayajua. Sara alicheka nyuma ya mlango wa hema kwa kutoamini, akakana kwamba alicheka, na mwaka uliofuata ndiye yule yule aliyesema Mungu amenifanyia kicheko. Mithali yasema moyo uliochangamka ni dawa nzuri. Kama kicheko kingekuwa cha shetani, basi Mungu asingempa Balaamu punda wa kubishana naye njiani.

Sasa mzee. Ungependa nikwambie ni mzee mkali asiyejua nyakati, lakini sikwambii hivyo. Huyu ni mtu aliyekaa Nairobi siku nyingi. Ameona wahubiri wanaochekesha mpaka mkoba ufunguke wenyewe. Ameona mahubiri yakikatwa kipande kifupi yakazunguka kwenye simu, mtaa mzima ukikumbuka mzaha na hakuna hata mmoja anayekumbuka andiko. Akimwona mgeni, tena kijana, kanisa likiangua kicheko, moyo wake unaruka. Hofu yake ina miguu. Alipokosea ni kukuchanganya na hao, na lile neno la mwanamke na harusi halikuwa na maana yoyote. Angekuwa mwinjilisti wa kiume na jogoo yule yule, wangesema ana kipawa.

Lakini wewe na hao wachekeshaji wa madhabahuni mnatofautiana kwa jambo ambalo mzee hajaliona, nami nakuonyesha ulishike. Angalia ni nani anayelipa gharama ya kila kichekesho chako. Mkono ulioinuka mnadani ni wako. Elfu mbili na mia mbili ni zako. Aliyepiga magoti akawikiwa ni wewe. Hakuna mahali kwenye barua hii ulipomcheka babu aliyekatwa mguu, au mama wa Matopeni, au namna watu wa Kayole wanavyoishi. Huo ni uungwana, na sijui kama uliupanga. Ujue tu kwamba ukienda likizo Iringa watu watakuomba vichekesho vya aina nyingine: hebu tueleze hao Wanairobi walivyo, na haraka zao, na matatu zao. Wasimulie habari za mkono wako. Mcheka kilema hafi bila kumfika.

Haya, sentensi yangu ni ile ya ripoti: upinzani wa adui kupitia wahudumu wa matatu.

Mwanangu! Kijana alikukatiza, kweli. Kisha akamwambia dereva azime muziki, na kumwambia dereva wa matatu azime muziki Nairobi ni jambo ambalo hata polisi hawaliwezi. Akasema mbele ya watu kwamba wewe ni wao. Akaliacha gari liende, maana yake aliacha pesa ya siku iende, kwa sababu makanga analipwa kwa safari anazopiga. Akabeba spika begani. Na kule Iringa kuna watu wazima wenye njaa, wamefunga, wanamwomba Mungu amshinde.

Hujasema uongo mkubwa, najua. Uliandika jinsi ripoti zinavyoandikwa. Mimi nimekaa kwenye kamati ya misheni ya kanisa letu miaka mingi, na ripoti hizo nazijua kwa harufu. Nyumba kadhaa, waliookoka kadhaa, changamoto ni mvua, fedha na adui. Mtu akinipa ripoti ya mwaka juzi akaniambia ni ya jana sitagundua. Katika ripoti za namna hiyo mmisionari ni shujaa, na wenyeji ama ni mavuno ama ni upinzani. Makanga hakuwa mavuno, kwa hiyo alibakiwa na kiti kimoja tu.

Na sisi, mwanangu, si wewe wa kutueleza kiti hicho kikoje. Babu zetu walikikalia. Karne ya kumi na tisa barua za wamisionari kutoka pwani hii zilichapishwa Ulaya kwenye majarida ya misheni, watu wakazisoma huku wakichanga, na nyingi zilimwonyesha Mwafrika akiwa upande wa giza, bila jina, akisubiri kuangaziwa. Aliyekuwa amebeba mizigo ya huyo mmisionari, akampikia, akamwonyesha njia, akamcheka pia usiku penye moto, huyo haonekani. Leo misheni ni yetu. Kanisa la Iringa linamtuma binti yake Nairobi, na mimi nafurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Lakini kalamu tuliyorithi ni ile ile, tusipoangalia itaandika yale yale.

Wapo waliokataa kuandika hivyo, angalau kwa siku moja. Mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann alifika Mombasa mwaka 1846 kumsaidia mmisionari mwenzake Krapf, ambaye miaka miwili kabla alikuwa amemzika mkewe Rosina muda mfupi tu baada ya kufika. Mwaka 1848 Rebmann alitembea hadi Uchagga, akaona Kilimanjaro na weupe juu yake, akaandika kwamba ni theluji. Barua ikachapishwa London mwaka uliofuata. Mwanajiografia mmoja, William Cooley, aliyekuwa akiichora Afrika kutoka mezani kwake London, aliidhihaki: theluji karibu na ikweta! Ingekuwa rahisi kwa Rebmann kuandika alichotarajiwa kuona. Aliandika alichokiona, akachekwa, akaendelea kukaa Rabai, karibu na Mombasa, mpaka 1875, na waongofu wake miaka yote hiyo walikuwa wa kuhesabika. Alirudi kwao Ujerumani karibu kipofu, akafa mwaka uliofuata. Sisemi alikuwa mtu wa vichekesho, la hasha, Mjerumani yule. Nasema ripoti yake ya mlima ilikuwa ya kweli hata ilipomfanya aonekane mjinga.

Na kama Rebmann ni wa mbali, chukua Matendo ya Mitume. Wewe unakisoma kama kitabu kitakatifu, nami pia. Lakini hebu kisome jioni moja kama ripoti ya misheni, maana Luka alikuwa safarini na Paulo na aliandika mengine akiwa amekaa pale pale. Petro anatoka gerezani kwa mkono wa malaika, anafika kwenye nyumba ambamo watu wanakesha wakimwombea atoke gerezani. Anabisha. Binti Roda anaitambua sauti, anafurahi mno, anakimbia ndani na kumwacha langoni. Wale waombaji wanamwambia ana wazimu. Jibu la maombi yao limesimama nje linagonga, wao wanabishana kama ni malaika wake. Luka angeweza kuandika: kanisa liliomba kwa imani, Petro akapokelewa. Hakuandika hivyo.

Halafu Listra. Paulo na Barnaba wanamponya kiwete, watu wanaamua hao ni miungu, Barnaba ni Zeu na Paulo ni Herme, na kuhani analeta ng'ombe na mashada ya maua awachinjie sadaka. Mitume wanararua nguo zao wakikimbia katikati ya watu wakipiga kelele sisi ni wanadamu kama ninyi. Mji ule ule, baada ya uchochezi wa wageni, unampiga Paulo mawe na kumburuta nje wakidhani amekufa. Vichekesho na damu kwenye sura moja. Na sura hiyo inaishaje? Wanarudi Antiokia, kanisa lililowatuma, wanalikutanisha kanisa na kutoa ripoti ya yote Mungu aliyoyafanya pamoja nao. Unafikiri hapo Barnaba alificha habari za mashada?

Na Troa, Paulo anahubiri hadi usiku wa manane, kijana Eutiko ameketi dirishani, anashikwa na usingizi, anaanguka kutoka orofa ya tatu. (Ya tatu, kama kwako. Uwe mwangalifu na maombi marefu roshani.) Luka hakusema kijana alipepesuka kwa hila za adui. Amesema wazi kwamba Paulo aliendelea sana kuhubiri. Kijana anahuishwa, wanamega mkate, na Paulo anazungumza tena mpaka alfajiri. Hakujifunza chochote, mtume wa watu.

Kwa hiyo ripoti isiyo na kicheko siyo takatifu kuliko yenye kicheko. Mara nyingi ina ukweli pungufu, kwa kuwa kilichokatwa ni pale ulipoonekana mdogo na mtu mwingine akaonekana mwema. Nami nadhani, na hapa nakwambia ninavyofikiri tu, kwamba ndiyo sababu maneno hayaji ukipiga magoti. Umejenga mtu wa kwenye karatasi, mwenye uso wa msiba, anayeshinda wahudumu wa matatu. Huyo ndiye unayempeleka mbele za Mungu alfajiri, na Mungu hamjui. Ukikumbuka mkono wako mnadani unacheka, mtu wa karatasi anaondoka, anabaki binti wa Iringa aliyenunua kuku bila kutaka. Huyo anajulikana huko juu. Sioni la kukutisha hapo. Kesho anza maombi kwa jogoo, ukipenda kwa jina lake.

Labda unaogopa kwamba ukiwaandikia waliokutuma habari za kweli watakuona mtu wa mchezo na mchango utapungua. Nikupe mfano wa kamati yetu. Kijana wetu tuliyemtuma Sudan Kusini aliwahi kutuandikia kwamba kanisa la nyasi alilojenga na waumini lilikuwa tayari kuwekwa wakfu Jumapili, na usiku wa Jumamosi ng'ombe wa jirani walilila. Siyo waliliangusha, walilila, ukuta mmoja na nusu ya paa. Akaeleza ibada ya asubuhi ilivyofanyika na mwenye ng'ombe akiwa mgeni wa heshima, ameinamisha kichwa, na ng'ombe wameshiba nyuma yake. Mweka hazina wetu, mtu asiyetabasamu hata siku ya mshahara, alicheka mpaka miwani ikaanguka. Kikao kile kile tulichanga mabati. Ripoti zake nyingine tano za idadi sizikumbuki hata moja.

Sasa ya kufanya. Kwanza nenda steji ukamuulize yule kijana jina lake. Umeniandikia barua ndefu, umenitajia jina la jogoo, na la kijana hulijui. Mnunulie chai, msikilize, usimhubirie siku hiyo. Kisha waandikie Iringa barua fupi ya kusahihisha, useme hivi: ndugu zangu, ile habari ya matatu niliiandika nusu, nusu ya pili ni hii. Eleza alivyokukatiza, eleza mlivyocheka, eleza spika. Waombe waendelee kumwombea, ila safari hii kwa jina na kwa kumtakia heri.

Kwa mzee usiende peke yako, na usiende na mistari ya Biblia mkononi kama mwanasheria. Tafuta mama mmoja wa makamo anayeheshimika kanisani, awe nawe. Msalimie vizuri jinsi mnavyojua ninyi watu wa huko, mshukuru kwa kukulinda, kisha muulize: mzee, ni neno gani hasa nililosema lililokuumiza? Huenda likawepo moja, na likiwepo liache. Huenda asilipate. Mwombe aje siku moja kwa babu mgonjwa wa sukari, akae kwenye kiti aone kinachotokea kabla na baada ya habari za Pasta. Wazee wengi hubadilishwa na wanachokiona kuliko wanachoambiwa. Asipobadilika, mikutano ya nje iache mpaka mchungaji aamue, kwa kuwa kanisa ni lao na wewe ni mgeni wao. Katika hilo mtii. Lakini uso wako si mali ya kamati ya uinjilisti. Karatasi ya mahubiri irudishe mkobani, na watu wakicheka wakati wa kucheka, waache wacheke.

Jambo moja umelipita haraka nami silipiti. Uko peke yako. Sijaona kwenye barua hii mtu hata mmoja wa rika lako unayekula naye. Tafuta Watanzania wenzako walio kwenye huduma hapa Nairobi, hawakosekani mji huu uliojaa watawa, wachungaji na wanafunzi wa teolojia kutoka kila pembe, na angalau mara moja kwa mwezi kula na mtu ambaye huna haja ya kumtolea ushuhuda. Likizo yako ichukue yote. Na kama usingizi na hamu ya chakula vimeondoka pamoja na maombi, hilo mwambie daktari au mshauri nasaha, usiliachie kufunga na kuomba peke yake. Swali la kurudi Iringa moja kwa moja liweke kando mpaka haya yafanyike. Anayerudi kwa kuchoka hurudi na maelezo mengi.

Barua ya kusahihisha itume wiki hii, usingoje robo mwaka iishe. Wale watu wamefunga.

Shangazi